Mshairi na Dosye Yake: Nani Alitutaja?

 

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu ulizo moja linalorudi kila mahali watu walipokimbia. Kijiji kikichomwa, mtoto akichukuliwa usiku, mfanyabiashara akivamiwa siku ileile aliyouza ng'ombe, watu wanaulizana kwa sauti ya chini: nani alitutaja? Nani aliwaonyesha njia? Ulizo hilo linaingia nasi katika kampi. Linakaa kwenye foleni ya maji, linakaa kwenye mgao wa unga. Na mara nyingi linajibiwa bila ushahidi: ni fulani, ni watu wa kabila fulani, ni wale waliobaki nyuma wakati sisi tulikimbia.

Ili tulitazame ulizo hilo bila hasira, leo tutakwenda mbali, mpaka Ujerumani. Tutasikia habari za mtu mmoja aliyeishi miaka mingi akisikilizwa na serikali kupitia masikio ya watu waliokunywa kahawa nyumbani mwake. Jina lake ni Reiner Kunze. Alikuwa mshairi. Nimemchagua yeye kwa sababu ulizo lile, nani alinitaja, yeye alilipata jibu lake kwenye karatasi. Ni wachache duniani waliopata bahati hiyo, kama tunaweza kuiita bahati.

Mtoto wa mchimba madini

Reiner Kunze alizaliwa tarehe 16 Agosti 1933 katika mji wa Oelsnitz, katika milima inayoitwa Erzgebirge. Baba yake alikuwa mchimba wa makaa ya mawe. Mwaka huohuo wa 1933 Hitler alishika utawala, na mtoto huyo alipofikisha miaka 12, vita vikuu vilikuwa vimekwisha na nchi yake imebomoka. Mwaka 1949 Ujerumani iligawanyika ikawa nchi mbili. Upande wa Mashariki ukawa chini ya chama cha wakomunisti, kinachoitwa SED, ambacho kilisema kuwa kinatawala kwa niaba ya wafanyakazi.

Tusifikiri kwamba Kunze alizaliwa mpinzani. Kijana huyo, mtoto wa mfanyakazi, alikiamini chama. Aliingia ndani yake akiwa na miaka 16 tu. Chama kikamfungulia mlango wa shule. Kuanzia 1951 alisoma filosofia na uandishi wa habari katika Universite ya Leipzig, na alipomaliza akapewa kazi ya kufundisha palepale. Alikuwa anatayarisha masomo ya udaktari. Lakini yeye alisema mambo jinsi alivyoyaona, na wenye chama wakaanza kumshambulia kwenye vikao, wakisema kwamba anapotosha wanafunzi. Mwaka 1959 aliondoka universite bila kupata shahada ile ya mwisho, akaenda kufanya kazi ya fundi msaidizi katika kiwanda cha mitambo mizito.

Hapo radio inaingia katika habari hii, na ninyi wapenzi wa radio mtafurahi. Katika nchi ya jirani, Chekoslovakia, kulikuwa na mganga wa meno, mwanamke kijana, anaitwa Elisabeth. Siku moja alisikia kwenye radio shairi la Kunze, akamwandikia. Kunze akamjibu. Wakaandikiana barua mia kadhaa, na Kunze akamposa kwa simu kabla hawajaonana uso kwa uso. Mwaka 1961 wakaoana. Mwaka 1962 wakahamia Greiz, mji mdogo wa Ujerumani ya Mashariki. Bibi akafanya kazi yake ya uganga, bwana akaandika mashairi na kutafsiri mashairi ya Wacheki kwa Kijerumani.

Dosye inafunguliwa

Mwezi wa Agosti 1968, majeshi ya Umoja wa Kisovyeti na ya washirika wake yaliingia Chekoslovakia kwa vifaru, kwa sababu watu wa Prague walikuwa wameanza kuomba uhuru kidogo ndani ya ukomunisti. Ile ilikuwa nchi ya bibi yake, na ya marafiki aliowatafsiri. Kunze akarudisha kadi ya chama. Hakupiga mtu, hakuchoma kitu. Alirudisha kadi.

Mwaka huohuo polisi ya siri ya nchi ile, inayojulikana kwa jina la Stasi, ilimfungulia dosye. Dosye ilipewa jina la siri: Lyrik, yaani Ushairi. Kuanzia hapo barua zake zilifunguliwa na simu yake ilisikilizwa. Watu waliombwa kueleza nani anaingia kwake, anakaa saa ngapi, wanasema nini, wanacheka nini.

Sasa sikilizeni jambo la sheria, maana mimi nilisoma sheria na jambo hili linanigusa. Katiba ya Ujerumani ya Mashariki ya mwaka 1968 ilikuwa na kifungu cha 27. Kifungu hicho kilisema kwamba kila raia ana haki ya kutoa maoni yake kwa uhuru na mbele ya watu. Ni maneno mazuri. Lakini ndani yake kulikuwa na maneno mengine madogo: kufuatana na misingi ya katiba hii. Na misingi ile iliweka chama juu ya yote. Tena sheria ya makosa ilikuwa na kifungu cha 106, cha kuwaadhibu wale wanaochochea watu dhidi ya serikali. Shairi liliweza kuitwa uchochezi. Kwa hiyo haki ilitolewa kwa mkono wa kuume, ikanyang'anywa kwa mkono wa kushoto. Wazee wetu waliokuwa watu wazima wakati wa Zaire, wakati chama cha MPR kilikuwa peke yake mpaka Aprili 1990, hawahitaji kuelezwa sana jambo la namna hii.

Kunze aliendelea kuandika. Mashairi yake yalikuwa mafupi sana, mengine mistari michache tu. Vitabu vingine vilitoka Ujerumani ya Magharibi, maana kwao havikupata ruhusa. Kimoja cha mwaka 1972 alikipa jina la Kijerumani linalomaanisha sauti ya chumbani, yaani kile kiasi cha sauti ya radio ambacho jirani hawezi kukisikia ng'ambo ya ukuta. Mtu anayeishi kati ya masikio anajua maana yake. Na ninyi mnaoishi katika vibanda vya turubai, ambako hata kikohozi cha jirani kinasikika, mnajua pia.

Namna ya kumvunja mtu bila kumpiga

Nataka tukae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo somo lilipo.

Stasi ilikuwa na magereza, na watu wengi waliteswa ndani yake. Lakini katika miaka ya 1970 nchi ile ilitaka sifa njema mbele ya mataifa. Kumfunga mshairi anayejulikana ng'ambo kulileta kelele. Basi wakatafuta njia nyingine. Mwezi wa Januari 1976 Stasi ilitoa maagizo ya ndani, yenye namba 1/76, yakaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Mharibie mtu jina lake. Changanya habari za kweli na za uongo, na zile ambazo hakuna anayeweza kuzihakikisha. Mfanye ashindwe katika kazi yake ili ajidharau. Tuma barua zisizo na jina. Na penye kikundi cha watu wanaoaminiana, panda mashaka kati yao, ili kila mmoja amdhanie mwenzake.

Umesikia, ndugu msomaji? Uvumi uliandikwa kama kazi ya ofisi. Walioandika maagizo yale walijua kwamba watu wakiaminiana ni vigumu kuwatawala kwa hofu, lakini wakidhaniana, watafanya kazi ya polisi wao wenyewe bila mshahara.

Na masikio yalikuwa mengi. Mwaka 1989, Stasi ilipokaribia mwisho wake, ilikuwa na wafanyakazi karibu 91,000 wa mshahara. Juu yao kulikuwa na wachongezi wa siri karibu 189,000, katika nchi ya watu wapata milioni 16. Hesabu inatoa karibu mchongezi 1 kwa kila watu 90, wazee na watoto wachanga wote wakihesabiwa. Hao wachongezi hawakuwa majitu yenye pembe. Wengine waliamini kwamba wanalinda nchi. Wengine walitaka cheo, nyumba, ruhusa ya kusafiri. Wengine walikuwa wamekamatwa na kosa dogo, wakaambiwa: chagua, useme au ufungwe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi nguo yenyewe haikufumwa kwa uovu mtupu. Ilifumwa kwa hofu na kwa tamaa ya mkate.

Kufukuzwa

Mwaka 1976 Kunze alitoa kitabu cha habari fupifupi juu ya maisha ya vijana wa nchi yake. Kinaitwa Die wunderbaren Jahre, yaani Miaka ya Ajabu. Karatasi zake zilivushwa kwa siri, kikachapwa Ujerumani ya Magharibi. Kilisimulia mambo madogo: mwanafunzi anayeulizwa kwa nini anavaa hivi, kijana anayezuiwa kupiga gitaa, mtoto anayechezea silaha shuleni. Serikali ilichukia kitabu hicho kuliko matusi, kwa sababu kila mzazi aliyekisoma aliona mtoto wake.

Mwishoni mwa Oktoba 1976 chama cha waandishi kilimfukuza. Katika nchi ile, mwandishi aliyefukuzwa katika chama hicho amefungiwa mlango wa kuchapa, na mwenye kufungiwa mlango wa kuchapa hana chakula. Hata kitabu chake kimoja cha watoto, juu ya simba, ambacho kilikuwa kimekwisha kuchapwa, kiliharibiwa kabla ya kuuzwa. Wiki chache baadaye, mwezi wa Novemba, mwimbaji Wolf Biermann, aliyekwenda kuimba Ujerumani ya Magharibi, alinyimwa ruhusa ya kurudi kwao na kunyang'anywa uraia. Kila mtu akaona upepo unavuma upande gani.

Kunze alionywa kwamba kifungo cha miaka kadhaa kinamngoja. Afya yake ilikuwa imedhoofika. Tarehe 7 Aprili 1977 aliandika ombi la kuondoka na jamaa yake. Katika nchi ambayo watu wengine walingoja ruhusa kama hiyo kwa miaka, yeye alipewa kwa siku chache, maana walitaka sana aende. Tarehe 13 Aprili 1977 wakavuka mpaka. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Ninyi mliokimbia mnajua kwamba kuvuka mpaka si mwisho wa safari. Mwaka huohuo alipewa tuzo kubwa ya waandishi wa Kijerumani, tuzo ya Georg Büchner. Lakini si wote huko Magharibi waliompokea kwa mikono miwili. Wako waandishi waliokuwa na huruma kwa siasa za Mashariki, nao walimtazama kama mtu anayewaharibia jina. Mkimbizi akisimulia aliyoyaona, mara nyingi yuko mtu mwenye kushiba anayemwambia kwamba anazidisha. Kunze na bibi yake wakatafuta mahali pa utulivu, karibu na mji wa Passau kwenye mto Danube. Wakaishi huko.

Karatasi 3,491

Mwezi wa Novemba 1989 ukuta wa Berlin ulifunguka. Mwezi wa Desemba raia waliona moshi kwenye majengo ya Stasi, wakatambua kwamba dosye zinaharibiwa. Wakaingia. Walianza mjini Erfurt tarehe 4 Desemba 1989, na tarehe 15 Januari 1990 wakaingia katika makao makuu Berlin. Angalieni jambo hili: watu waliokuwa wameumizwa na karatasi zile walikwenda kuzilinda zisiungue. Walijua kwamba karatasi zikiungua, utabaki uvumi peke yake. Dosye zilizookolewa, zikipangwa kwenye rafu moja baada ya nyingine, zinafika kilometa 111. Mtu mwenye miguu mizuri angetembea siku tatu au nne kando ya rafu hizo.

Dosye ya Kunze ilipatikana. Ilikuwa vitabu 12, kurasa 3,491. Mwaka 1990 alichagua sehemu ndogo ya kurasa hizo, akazichapa katika kitabu kidogo kiitwacho Deckname Lyrik, yaani Jina la Siri Ushairi. Hakuongeza hotuba ndefu ya hasira. Aliweka karatasi za Stasi mbele ya watu, wasome wenyewe.

Katika karatasi hizo alikuwamo mchongezi mmoja mwenye jina la siri Paul Bonkarz. Kwa kufuatanisha tarehe, mahali na maneno, ikaonekana ni nani. Alikuwa Ibrahim Böhme. Böhme alikuwa ameishi Greiz, alikuwa rafiki wa nyumba, alikaa mezani pa Kunze. Na mwaka 1990 hakuwa tena mtu mdogo. Mwezi wa Februari alikuwa amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha Social Democrats cha Ujerumani ya Mashariki, na wengi walimtazamia kuwa waziri mkuu wa kwanza baada ya uchaguzi huru wa Machi 1990. Shutuma za kwanza juu yake zilitoka magazetini mwezi huo, akaacha uenyekiti. Kitabu cha Kunze kikaleta uthibitisho. Böhme alikana. Aliendelea kukana mpaka alipokufa mwaka 1999.

Wengine watasema: basi kulikuwa na faida gani? Mtu hakutubu. Ni kweli, karatasi inaweza kutoa ukweli, haiwezi kutoa toba. Lakini nchi ilipata kitu. Ilipata kujua kabla ya kumpa mtu yule funguo za serikali.

Baadaye bunge la Ujerumani iliyoungana lilitunga sheria ya dosye hizo, ikaanza kutumika mwishoni mwa Desemba 1991. Kuanzia tarehe 2 Januari 1992 raia waliruhusiwa kwenda kusoma. Sheria hiyo ina mambo manne ambayo napenda mchukue. Jambo la kwanza: kila mtu anasoma dosye yake mwenyewe, hasomi ya jirani. La pili: majina ya watu wengine walioumizwa yanafunikwa, ili aibu yao isitembezwe. La tatu: jina la mchongezi aliyekutaja wewe, una haki ya kulijua. La nne: anayetaka kazi fulani za umma anaweza kuchunguzwa kama alikuwa mchongezi. Tena wachongezi wengi hawakufungwa gerezani, wala nyumba zao hazikuchomwa. Wengi wao walipoteza kitu kimoja, imani ya watu, na wengine wakapoteza kazi ya umma.

Haikuwa kazi safi yote. Ndoa zilivunjika, ndugu walinuniana mpaka kaburini. Wako waliosingiziwa mbele ya watu, wakalazimika kujitetea katika tribinali. Lakini ulizo la nani alinitaja lilikuwa na mahali pa kupelekwa, na mahali hapo palikuwa na mlango, na sheria, na mtu wa kujibu.

Sisi tulio hapa

Sasa turudi kwetu. Kunze alikuwa na kurasa 3,491. Wewe una nini mkononi?

Siulizi kwa kudharau. Najua kwamba aliyeongoza watu wenye silaha mpaka kwenye mlango wako hakuandika ripoti. Njia zetu za huku hazina rafu za kilometa 111. Tuna kumbukumbu, tuna maneno ya mtoto aliyesikia kitu, tuna sura iliyoonekana gizani. Lakini kama mtu mwenye karatasi alichukua taabu ya kufuatanisha tarehe na mahali kabla ya kutaja jina, je, sisi tusio na karatasi hatupaswi kuchukua taabu mara mbili?

Jambo la pili. Kunze alipotaja, alitaja mtu. Mtu mmoja mwenye jina, kwa matendo yanayojulikana, katika siku zinazojulikana. Karatasi zile hazikushtaki ukoo, wala mji wa Greiz, wala mtoto wa mchongezi. Huku kwetu tunaruka haraka kutoka mtu mpaka kabila. Fulani alituuza, kwa hiyo watu wake wote ni wauzaji. Lakini kabila halina mdomo wa kuchongea. Mdomo ni wa mtu. Tukiadhibu kabila, mwenye kosa anajificha ndani ya umati wa wasio na kosa, na sisi tumekuwa waumizaji.

Jambo la tatu. Ukipokea uvumi, jiulize unamfaidia nani. Maagizo yale ya 1976 yalitaka watu wadhaniane. Huenda anayekuambia kwamba jirani yako wa turubai ni mpelelezi anataka kiwanja chake, au nafasi yake katika kamati, au anataka tu kampi isiwe na sauti moja. Mimi sisemi kwamba kila neno ni uongo. Nasema neno lipimwe kama tunavyopima unga wa mgao, mbele ya macho ya watu.

Jambo la nne ni kwenu ninyi viongozi, machefu na wajumbe. Mtu akikujia usiku peke yake na jina la jirani, usilibebe jina hilo mpaka kwa askari. Mwulize: uliona wewe mwenyewe, au ulisikia? Siku gani? Mahali gani? Nani mwingine alikuwapo? Uko tayari kusema hivyo mchana, mbele ya wazee wawili au watatu? Kisha yule aliyetajwa aitwe naye, aambiwe anashitakiwa jambo gani, apewe nafasi ya kujibu. Hiyo siyo desturi ya Ulaya. Wazee wetu chini ya mti hawakumhukumu mtu asiyekuwapo. Na Katiba yetu ya mwaka 2006 nayo inasema kwamba mshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Kama jambo ni la damu, lipeleke kwenye tribinali. Kama kuna hatari ya kumpiga mtu, mlinde kwanza, hata kama wewe mwenyewe humpendi. Na zaidi ya yote, msitunze orodha za majina ya watu wanaodhaniwa. Orodha ya kudhania ni dosye bila tribinali. Ikianguka katika mikono mibaya, inakuwa orodha ya kuua.

Jambo la tano ni zito, nalo ni kwa mtu aliyeumizwa. Pengine umehakikisha. Umeuliza, watu wameona, jina limethibitika, na mtu yule anakana kama Böhme alivyokana. Atakana mpaka kufa. Utafanya nini? Kumsamehe ni shauri la moyo wako, na hakuna mtu wa radio wala chefu anayeweza kukulazimisha. Lakini kumrudishia ufunguo wa ghala la kampi, au kumpa kiti katika kamati ya usalama, hilo si shauri la moyo wa mtu mmoja. Hilo ni shauri la wote. Tunaweza kuishi na mtu huyo kwenye foleni moja ya maji, tukamsalimu, watoto wetu wakacheza na wake, bila kumkabidhi tena usalama wetu. Hicho si kisasi, ni busara. Amani haingoji mpaka kila mkosaji atubu. Ikingoja hivyo, haitakuja katika siku zetu.

Na kama wewe unayesoma ndiwe uliyesema neno lile, kwa hofu, au kwa pesa, au kwa sababu walimshika mtoto wako: njia yako haijafungwa. Aliyelazimishwa akieleza mwenyewe jinsi alivyolazimishwa, wazee wana kitu cha kupima. Aliyenyamaza mpaka akafichuliwa, anawaachia watu wapime kwa hasira yao. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, mzee, pasta, padri au imamu, uanzie hapo.

Kunze aliishi miaka mingi baada ya mambo hayo. Nyumba ile karibu na Passau, yeye na bibi yake walianzisha mfuko mwaka 2006 ili iwe siku moja mahali pa watu kuja kuona na kujifunza yaliyotokea. Hakurudi kuishi Greiz. Wengine wanarudi kwao, wengine wanajenga walipofika, na wote wawili ni watu waliobaki hai. Alikufa tarehe 8 Novemba 2024, akiwa na miaka 91. Wale waliomfungulia dosye walikuwa na vyeo na magari, na leo majina yao yanatafutwa kwenye rafu. Yeye mashairi yake yanasomwa shuleni.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

Baada ya kusoma, kaeni watu kumi au kumi na watano, wanaume na wanawake, vijana na wazee, mjibu maswali haya bila kutaja jina la mtu yeyote wa hapa:

1. Katika kampi au kartye yetu, uvumi unaanzia wapi zaidi, na unasafiri kwa njia gani?
2. Mtu akishutumiwa hapa kwetu, nani anamsikiliza? Mahali gani? Je, anapewa nafasi ya kujibu?
3. Ni kazi zipi katika kampi ambazo hatuwezi kumpa mtu aliyevunja imani ya watu, na ni mambo yapi hatuwezi kumnyima, kama maji, chakula na matibabu?
4. Viongozi wetu wanafanya nini na majina wanayoletewa usiku?

Andikeni majibu, muyapeleke kwa chefu na kwa kamati, mkakubaliane namna moja ya kupokea mashitaka. Ukurasa mmoja unatosha. Ubandikwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuusoma, na asiyejua kusoma asomewe kwa sauti, mchana.